Mama mkwe analinda tela letu kambini, na mimi roho inaniuma

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi na mume wangu karibu na Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani. Sote wawili kwetu ni Tanga. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Mwenzangu ni dereva wa lori. Ukilisikia jambo langu juujuu utadhani ni la kufuli na minyororo tu, lakini limeshaingia ndani ya nyumba yangu.

Huku watu wana desturi ya kwenda milimani majira ya joto na kulala huko siku kadhaa. Wanangu waliyasikia hayo kwa wenzao shuleni, wakatusumbua mpaka tukakubali. Tulianza na hema. Baadaye tukanunua tela la kambi, vile vyumba vya magurudumu vinavyovutwa nyuma ya gari. Lina vitanda, jiko la gesi, friji ndogo na choo. Lilikuwa limeshatumiwa na watu wengine, ila kwetu lilikuwa jipya. Tulilinunua kwa fedha za upatu na akiba ya zamu za ziada, bila kukopa benki. Waswahili wenzetu walitucheka, eti kwao watu walikuwa wakiomba Mungu watoke porini, sisi tunalipa kurudi. Hatukujali, tulifurahi.

Mwaka jana tuliweka kambi katika msitu wa serikali, sehemu ya bure isiyo na msimamizi. Siku moja tulirudi matembezini tukakuta majirani zetu wameibiwa jenereta na baiskeli mchana kweupe. Chetu hakikuguswa hata kimoja, lakini tangu siku ile mume wangu amekuwa mtu mwingine. Juu ya hayo, mwenzake kazini akamsimulia jinsi tela zima lilivyochukuliwa kwenye uwanja wa kuhifadhia: wezi walirudisha gari nyuma, wakaunganisha, wakaondoka.

Mama mkwe wangu alikuja masika haya kututembelea. Safari yetu ya kwanza ya kiangazi, asubuhi tukijiandaa kwenda ziwani, mume wangu akawa anazunguka tela, anavuta kufuli, anarudi kulivuta tena. Mama akasema, "Nendeni wanangu, mimi nitabaki na nyumba." Basi tangu hapo imekuwa sheria. Sisi tunaondoka asubuhi na chakula chetu, tunarudi jioni, tunamkuta mama mlangoni kwenye kiti cha kukunja, tasbihi mkononi na simu isiyoshika mtandao. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu.

Juzi nilimsikia akimtumia dada yake sauti kwenye WhatsApp: "Mwenzio nimepata kazi Marekani, nimeajiriwa ulinzi!" Akacheka sana. Mimi sikucheka. Usiku nikamweleza mume wangu. Akanijibu: "Mama mwenyewe ndiye aliyesema atabaki, na anapenda kupumzika. Kama unamhurumia kweli, baki wewe." Neno hilo bado limenikaa.

Amenunua kufuli la kufungia kichwa cha tela, pale linapoungana na gari, lakini mwenyewe haliamini. Kijana wetu alipendekeza tufiche ndani AirTag, kile kidude cha kuonesha kwenye simu kitu kiko wapi. Baba yake akasema kitu hicho kitatuambia tela limekwenda wapi, hakitalizuia lisiende. Na huyo mwenzake wa kazini amemshauri anunue bastola amwachie mama. Hajanunua, lakini sijamsikia akisema hapana.

Mwishoni mwa Julai tumeweka nafasi Glacier Basin, ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain. Tunataka kupanda na gari barabara ya Trail Ridge, inayofika juu kwenye theluji. Mama alipokuwa akihangaikia viza aliwahi kusema kwamba hamu yake ni kuishika theluji kwa mkono. Na mume wangu ameshatamka: mama atabaki kambini.

Dada, nitasemaje mimi mkwe bila kuonekana namgombanisha mtu na mamaye? Tena tukimchukua mama, halafu siku hiyohiyo tela liibwe, si nitalaumiwa maisha yangu yote?

Mkwe mwenye wasiwasi, Colorado

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, kwa sababu ndani yake yamefungwa mambo kadhaa kwa kamba moja. Kuna hofu ya mume wako ya kupoteza mali mliyoitafuta kwa usingizi wenu. Kuna mama aliyeketi mlangoni, ambaye hakuna anayejua hasa moyoni mwake mna nini. Na upo wewe, unayeona jambo haliko sawa lakini ukisema unaogopa kuitwa mchonganishi, na ukinyamaza unajichukia. Tukiyachanganya yote matatu utarudi usiku kwa mume wako na maneno makali, naye atajibu kwa makali zaidi.

Nianze na mama. Umeisikia sauti yake kwenye simu ukaumia, na mimi nakuelewa. Lakini hebu tujiulize: ulisikia malalamiko, au ulisikia utani? Mtu mzima wa Tanga anayezungumza na dada yake anaweza kusema neno hilo kwa uchungu akalifunika kwa kicheko. Anaweza pia kulisema kwa fahari kabisa. Wewe umekulia kwenye kanuni ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yuko kwenu kwa miezi. Hawezi kuendesha gari, hawezi kwenda dukani peke yake, wajukuu wanajibizana Kiingereza mbele yake. Huenda amelitafuta jembe mwenyewe kabla hajapewa, na ulinzi wa tela ndiyo kazi pekee aliyoona anaiweza. Ukimwondoa pale kwa huruma bila kumuuliza, unaweza kumnyang'anya heshima huku ukidhani unamrudishia.

Vilevile inawezekana amechoka na anasitiri. Sijui, na nadhani hata wewe hujui, wala mwanawe. Nyote wawili mmelisemea lile neno lake moja la asubuhi ile, mume wako akilichukua kuwa ridhaa ya kudumu, wewe ukilichukua kuwa kilio. Ipo nafasi ya kumuuliza kwa upole, mkiwa wawili jikoni, si "Mama, unachoka kubaki?" maana atasema hapana hata kama machozi yako karibu. Muulize kuhusu theluji. "Mama, ile theluji uliyoitaka, bado unaitaka?" Msikilize atakavyojibu, na atakavyonyamaza.

Lakini hata kama mama anakipenda kile kiti kwa moyo wake wote, liko swali jingine ambalo sijaliona kwenye barua yako wala kwenye majibu ya mume wako. Mama ameambiwa afanye nini mtu akija?

Mume wako ana haki katika jambo moja na nisingependa umbishie. Mtu akionekana kambini, mwizi wa kupitapita huenda zake. Mwizi huyo anatafuta kitu rahisi kisicho na mwenyewe karibu. Ila huyo si wa kuogopwa sana. Wa kuogopwa ni yule ambaye hatajali kwamba pana bibi kwenye kiti. Mama amekabidhiwa nyumba, na mtu wa umri wake akikabidhiwa nyumba husimama kuitetea. Hana mtandao wa kupigia simu, hana lugha ya kuombea msaada. Na sisemi wezi peke yake. Glacier Basin iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na yeye ametoka pwani. Akisikia kizunguzungu saa nne asubuhi, mtajua jioni. Ukizungumza na mume wako, nakushauri uanzie hapa, kwenye usalama wa mamaye, kabla ya huruma yako. Huyu ni mwanawe, hilo atalisikia.

Sasa hofu yake. Tafadhali usiidharau. Ile pesa ilikuwa ya upatu, mmeitoa kwenye zamu za usiku na barabara ndefu, na ameona kwa macho yake majirani wakilia. Ila ningependa ajiulize anachoogopa ni kipi: kulipoteza tela lenyewe, au kuipoteza ile pesa isirudi tena? Nasema hivyo kwa sababu umeandika kwamba hamkukopa benki, na hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Aliyekopeshwa fedha za tela kwa kawaida hulazimishwa na mkopeshaji kulikatia bima. Aliyelipa taslimu hakuna anayemlazimisha. Wengi hudhani bima ya gari linalovuta inatosha. Kwa kawaida bima hiyo hugharimia madhara ambayo tela litawasababishia watu wengine likiwa linavutwa. Ili kulipwa wizi wa tela lenyewe, huhitajika tela liandikwe lenyewe kwenye bima, pamoja na kinga ya wizi. Na vitu vya ndani, nguo, vyombo, kompyuta ya mtoto, mara nyingi huwa chini ya bima ya nyumba mnayoishi, tena kwa kiwango maalumu. Mkipiga simu kwa kampuni yenu ya bima, ulizeni pia wakilipa watalipa thamani mliyokubaliana mwanzo au bei ya sokoni ya siku ya wizi, maana tela lililotumika hushuka bei haraka. Bima ni gharama nyingine juu ya bajeti yenu, sitajifanya silioni hilo. Lakini mtu aliyelala na bima na mtu asiye nayo hawavuti kufuli kwa mkono mmoja.

Nimewauliza watu wenye matela kuhusu hizo kufuli. Waliniambia kwamba kinachoibwa zaidi watu wakiwa wametoka kambini ni kile alichoona mume wako: jenereta, baiskeli, betri, mitungi ya gesi, masanduku ya barafu. Vitu vya kubebwa na mtu mmoja. Tela zima linapendwa zaidi likiwa limeegeshwa uwanjani au mbele ya nyumba, limekunjwa, liko tayari kuondoka, kama lile alilosimuliwa. Kambini jeki zimeshushwa, ngazi imetolewa, na jirani anaona. Haimaanishi haliwezi kuibwa, ila kazi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo nusu ya hofu yenu inaweza kutulizwa kwa jambo dogo: jenereta lisibaki nje. Liingizwe garini muondoke nalo, au lifungwe kwa mnyororo wa chuma kigumu kwenye fremu ya tela. Baiskeli vilevile.

Kuhusu kufuli la kichwa, mume wako hakosei kutoliamini likiwa peke yake. Yako mengine huziba tu lile tundu linalokaa juu ya tufe la chuma la gari, na mwizi mwenye mnyororo anaweza kulivuta tela hivyohivyo. Yaliyo imara zaidi hufunika kichwa chote kwa chuma kizito. Kisha linaongezwa kufuli la gurudumu, la aina ile ambayo askari wa jiji hufungia magari yaliyoegeshwa vibaya. Mwizi akikuta mawili, tena moja analiona tangu barabarani, atatafuta pengine. Msiku­bali mtu awaambie mfunge mnyororo kwenye mti. Mti ni wa hifadhi na mnaweza kutozwa faini. Mkiwa kwenye msitu wa wazi, geuzeni kichwa cha tela kielekee kwenye jiwe kubwa au miti, ili gari jingine lisiweze kurudi nyuma na kuliunganisha.

Na hili ni la mume wako kulitazama leo akiwa nyumbani: vile vijisanduku vya pembeni mwa tela, vya kuwekea mipira ya maji na zana. Matela mengi ya Marekani yametoka kiwandani na ufunguo wa aina moja, umeandikwa CH751. Mwenye mmoja anafungua vya wenzake wote. Kama wenu una herufi hizo, kubadili vitasa si gharama kubwa.

Kijana wenu amesema jambo la maana, na baba yake pia. AirTag, iliyotoka mwaka 2021, hujulikana ilipo kwa kupitia vifaa vya Apple vilivyo karibu nayo. Katikati ya msitu usio na watu itanyamaza, na mwizi mwenye simu ya kisasa huweza kupata taarifa kwamba kuna kifaa kinachomfuata. Vipo vifaa vyenye GPS na laini yake ya simu, vinavyolipiwa kila mwezi, navyo vinahitaji mtandao. Havizuii wizi. Lakini tela likishushwa barabara kuu na kuingia mjini, hapo ndipo vinaposema. Mngekiweka, na mngemwachia kijana akisimamie, naye angekuwa na fungu lake katika ulinzi wa nyumba. Sioni ubaya.

Bastola naomba niiseme wazi, ingawa kwa mambo mengine nawaachia wenyewe. Sheria ya shirikisho la Marekani, kwa kawaida, hairuhusu mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi kumiliki wala kushika silaha ya moto, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya wenye leseni ya uwindaji. Kumwachia mama bastola kungemtia hatarini yeye na nyinyi, hata kama hakuna mwizi atakayetokea. Na akitokea, silaha mikononi mwa mtu asiyewahi kuishika huhamia haraka mikononi mwa mwingine.

Basi mwishoni mwa Julai mfanye nini? Naziona njia kadhaa, na kila moja ina bei yake.

Mnaweza kwenda wote. Kisheria hakuna kinachowataka mwache mtu: kanuni za hifadhi za taifa, na za kambi rasmi za misitu ya serikali, zinakataza kuacha vitu bila mtu zaidi ya saa 24, nanyi mtatoka asubuhi na kurudi jioni. Glacier Basin si ile sehemu ya bure ya mwaka jana. Kuna msimamizi wa kambi, kuna majirani waliojiandikisha, magari ya walinzi wa hifadhi hupita. Mkifika, jitambulisheni kwa msimamizi na kwa majirani wa pande zote mbili. Watoto wanaweza kupeleka hata sahani ya mahamri. Hatari iliyobaki ni kwamba siku ileile mnaweza kuibiwa, na hilo siwezi kukuahidi halitatokea. Ndiyo maana kabla hamjaondoka Denver mngekubaliana, wewe na mume wako, kwamba mmeamua wawili. Kama hilo halijasemwa mapema, kweli lawama itakuangukia wewe.

Mnaweza pia kugawana. Siku moja mume wako abaki, nyingine ubaki wewe, na mama apande juu. Najua neno lake la "baki wewe" lilikuchoma. Alilisema kwa hasira, lakini ukilisikiliza bila ile hasira, lina pendekezo ndani yake, ilimradi zamu imguse na yeye. Ubaya wake ni kwamba familia haitakuwa pamoja theluji itakapoguswa, na picha hiyo mnaitaka wote.

Au mama achague kubaki, kwa kinywa chake, baada ya kuulizwa vizuri. Inawezekana kabisa. Barabara ya Trail Ridge inafika mita 3,713, hewa ni nyepesi na baridi ipo hata Julai. Kama ana shinikizo la damu, daktari aulizwe kwanza. Akichagua kubaki, basi asiitwe mlinzi. Aachiwe namba ya nafasi yenu imeandikwa kwenye karatasi, ajulishwe kwa msimamizi, na aambiwe na mwanawe mwenyewe, mbele ya watoto: "Mama, mtu akija kuchukua chochote, mwache achukue, wewe nenda kwa majirani." Nadhani maneno hayo yana uzito, na yakitoka kwa mume wako yatamfundisha na yeye mwenyewe kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kumfundisha.

Namna ya kusema naye, hilo ndilo uliloliuliza hasa. Usimwendee usiku mkiwa mmechoka, na usianze na ile sauti ya WhatsApp. Mamaye akijua ilisikilizwa atafadhaika bure. Mwendee na jambo la mkononi: "Nimeuliza bima, wamesema hivi. Tukaangalie kufuli la gurudumu Jumamosi." Mwoneshe kwamba uko upande wake katika kulinda mali, kwa sababu uko. Mtu akishaona hofu yake imebebwa na wawili, husikiliza. Kisha ndipo umuulize, kwa sauti ya kuuliza kweli: "Mama akipatwa na kitu pale peke yake, tutafanyaje?" Halafu nyamaza, umwache ajibu. Huenda asijibu siku hiyo.

Mwisho, hili liandaeni kabla ya safari, lisije kutafutwa kwa machozi. Pigeni picha za tela kila upande, ndani na nje, pamoja na ile namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 iliyobandikwa au kugongwa kwenye fremu karibu na kichwa. Wekeni alama yenu mahali pa siri, kwa mfano chini ya godoro au ndani ya kabati. Picha hizo zikae kwenye simu zenu wote wawili na nakala nyumbani, siyo ndani ya tela. Mkirudi mkakuta tela halipo, msilifukuze, hata kama kifaa kinawaonesha liko kilomita chache mbele. Mpigie polisi, uwape namba ile, namba ya usajili na mahali kifaa kinapoonesha, kisha muijulishe bima siku hiyohiyo. Mume wako atataka kuwasha gari. Mshike mkono, na mwambie mama naye amshike ule mwingine.